Bei ya Upande Mmoja

Watu humcheka mwoga kana kwamba woga ni kazi rahisi. Ungemuuliza Breki, angekwambia ni kazi ya kutwa kucha, haina likizo, na mshahara wake ni kiungulia. Aliogopa lifti, akapanda ngazi. Aliogopa ngazi zilizotoka kupigwa deki, akasimama chini kungoja zikauke. Aliogopa simu inayoita mara moja ikakatika, na barua isiyo na salamu. Na kwa bahati ambayo sijui niiite mbaya au nzuri, riziki yake aliipata sokoni. Si soko la nyanya na vitunguu, bali lile la fedha, ambako mtu hununua asichokishika na kumuuzia asiyemwona.

Kazi yake ilikuwa kununua na kuuza hatifungani kwa niaba ya mfuko wa akiba za uzeeni za wauguzi. Hatifungani, kwa asiyezijua, ni karatasi ya deni tu. Kampuni inakopa leo, inaahidi kurudisha baada ya miaka kadhaa, na hapo katikati inakulipa riba. Ukichoka kungoja, unaweza kumuuzia mwingine hiyo ahadi kwa bei mtakayoelewana. Muuguzi anakatwa kidogo kila mwezi kwenye mshahara, fedha zinakusanywa, kina Breki wanazinunulia ahadi za watu, na siku muuguzi anapostaafu anachukua fungu lake anakwenda zake. Huo ndio mchezo wote, mengine ni tai na kiyoyozi.

Jina la Breki alibandikwa na wenzake. Miaka ya nyuma zilivuma habari kwamba benki fulani iko hoi, nayo ilikuwa na deni kubwa kwa mfuko. Breki akaziuza karatasi za benki hiyo zote kwa bei ya kutupa. Benki haikufa. Haikupata hata mafua. Wakurugenzi walimweka kikao kirefu, na tangu siku hiyo kila akiinua mkono kutoa shaka, mtu mmoja nyuma yake hutoa mlio wa tairi linalokwaruza lami: kwiiii! Naye hucheka pamoja nao. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, ndivyo wahenga walivyosema, ila hawakutuambia hicho kicheko humchekea nani.

Baada ya kisa cha benki, wakurugenzi waliona kwamba fedha za wauguzi haziwezi kutegemea tumbo la mtu mmoja. Ndipo akaletwa Mjomba.

Mjomba hakuwa mtu. Ulikuwa mtambo wa hesabu uliokaa ndani ya kompyuta na kupima hatari ya kila kitu ambacho mfuko unamiliki. Aliyeutengeneza ni dada mmoja mwembamba, mcheshi, aliyesomea hesabu mpaka madarasa yakaisha. Ofisini walimwita Profesa, ingawa hakuwahi kumfundisha mtu hata a-e-i-o-u. Mtambo wake waliuita Mjomba kwa kuwa hauna hiyana. Unaupelekea shida yako, unakupa jibu hapo hapo, kama mjomba kwa mtoto wa dada yake. Breki mwenyewe alikuwa na shahada ya uchumi na aliipata kwa halali, lakini milinganyo ya Mjomba aliifuata kurasa mbili tu, ya tatu ikampotea.

Wakurugenzi nao hawakutaka milinganyo, walitaka neno. Basi Profesa akamfundisha Mjomba kusema maneno matatu. Karatasi ambayo bei yake haichezi iliandikiwa "imetulia", kwa rangi ya kijani. Inayopanda na kushuka iliandikiwa "inayumba". Na ile iliyochafuka kabisa iliandikiwa "kimbia", kwa wekundu unaouma macho.

Tusimvunjie Mjomba heshima, alikuwa hodari. Mara mbili aliandika "kimbia" wakati watu bado wanapongezana, mfuko ukakimbia, waliobaki wakaumia. Breki mwenyewe alianza kulala usingizi wa maana. Kosa likitokea sasa lilikuwa la Mjomba, na Mjomba hana tumbo la kumsokota.

Kilichokuja kumwamsha tena ni saruji. Kulikuwa na kiwanda kimoja cha saruji kilichokopa kwa wananchi, na mfuko ulinunua karatasi zake kidogo. Mjomba akaziandikia "imetulia". Mwezi uliofuata, "imetulia". Na kwa kuwa zilikuwa zimetulia huku zikilipa riba nono, Mjomba akashauri ziongezwe, zikaongezwa. Zikatulia tena, zikaongezwa tena, zote moja kwa moja kutoka kiwandani, mpaka zikawa zaidi ya nusu ya mali ya mfuko. Karatasi nyingine zote zilipanda na kushuka kwa mvua, kwa uchaguzi, kwa bei ya mafuta, lakini ile ya saruji ilikaa palepale mpaka kwenye tarakimu ya mwisho. Breki alianza kuifungua kila asubuhi kabla hata hajavua koti. Akiikuta palepale, moyo unamlipuka. Mtu mwenye akili zake huogopa bei ikishuka. Huyu aliogopa bei isiyoshuka, na hakuwa na wa kumwambia.

Nyumbani alikuwa na mkewe, na mkewe alikuwa muuguzi.

Mama Pacha alifanya kazi wodi ya wanaume waliopasuliwa. Kwa miaka mingi alikuwa akigeuza na kuinua miili ya wanaume wazima, na mgongo wake ukawa umekwisha. Walikaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo lisilo na lifti. Akitoka zamu alipanda kwa kushika ukuta, akipumzika kila kona. Lakini mwisho wa mwezi ule alikuwa anastaafu. Walikwishaona nyumba ya kununua, ya chini, mlango unafunguka moja kwa moja uwani, hakuna ngazi hata moja. Mwenye nyumba alikubali kuwasubiri mpaka fungu la Mama Pacha litoke. Kila alipopita mtaa ule alijifanya ana shida ya dukani ili tu auchungulie ule mlango.

"Watu wote wanapewa kiinua mgongo kwa jina tu," alipenda kusema. "Mimi ndiye nitakayeinuliwa mgongo kweli."

Fomu ya kudai fedha alishaijaza, akaitia sahihi, akaiweka kwenye mkoba.

Jioni moja mezani alimtazama mumewe akigeuzageuza chakula. "Baba Pacha, mbona unakula kama unamvizia mtu?"

"Hakuna kitu. Ni saruji."

"Saruji imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Ndicho kinachonitisha."

Alidhani atachekwa, lakini Mama Pacha alitikisa kichwa kama mtu anayekubali. "Hilo nalijua. Wodini mgonjwa akipiga kelele namwambia, tulia baba, nakuja. Ila akiwa anapiga kelele halafu akanyamaza mara moja, huyo namkimbilia." Kisha akaingia kwenye habari za rangi ya mapazia ya nyumba mpya, maana kwake mazungumzo ya saruji yalikuwa yamekwisha.

Kwa Breki yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza. Usiku ule hakulala, na kesho yake alifika ofisini macho mekundu, akakuta mkurugenzi ameitisha kikao kifupi. Habari ilikuwa njema, alisema mkurugenzi. Kiwanda cha saruji kinakopa tena, Mjomba ameridhika, na mfuko utanunua fungu kubwa kuliko yote. Mkataba ungetiwa sahihi kesho yake.

Breki akainua mkono. Kwiiii! likalia tairi nyuma. Chumba kikaangua kicheko, mkurugenzi naye akatabasamu, na Breki akajikuta anaushusha mkono na kujikuna shingo, kama vile ndicho alichokuwa anakusudia. Aliogopa saruji, na aliogopa zaidi kuwa yule wa benki mara ya pili. Ukikosea mara moja umekosea. Ukikosea mara ya pili ndiyo tabia.

Alimfuata Profesa mezani kwake.

"Dada, naomba kukuuliza jambo la kijinga."

"Ya kijinga ndiyo mazuri. Ya werevu yananichosha."

"Hii bei ya saruji ambayo Mjomba anaiona kila siku, inatoka wapi?"

"Sokoni. Bei ya mwisho ambayo mtu alinunua."

"Na siku ambayo hakuna aliyenunua?"

"Anachukua ya jana."

"Na jana kama hakuna aliyenunua?"

Profesa akaacha kuchapa. "Anachukua ya juzi. Ndivyo wanavyofanya wote, hata huko kwa wakubwa. Kama haijauzwa, haijabadilika."

"Haijabadilika au haijaulizwa?"

Yule dada hakuwa mjinga hata kidogo, na Breki aliona jinsi lile swali lilivyoingia na kutafuta pa kukaa. Akafungua jedwali moja, akashuka nalo chini, akashuka zaidi. Mara ya mwisho mtu kununua karatasi ile sokoni ilikuwa miezi mingi nyuma, na mnunuzi alikuwa Breki mwenyewe.

"Inawezekana iko sawa," alisema Profesa, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Labda walionazo hawataki kuziuza. Kutouzwa si ugonjwa."

"Na labda hakuna anayezitaka."

"Labda. Lakini Breki, mimi nifanyeje? Niletee bei nitamlisha Mjomba. Nitakapomlisha atapiga hesabu, atasema. Woga wako siwezi kumlisha, hauna tarakimu."

Alisema kwa upole, na ilikuwa kweli tupu. Breki alirudi kwenye kiti chake, akaitazama simu.

Sasa, katika soko hilo ipo adabu moja ambayo mgeni hufundishwa kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi. Huulizi bei ya upande mmoja. Unampigia dalali, unataja karatasi, unasema, "Nipe pande mbili." Naye anakutajia bei mbili, ya kununulia na ya kuuzia. Hajui wewe unataka upande upi, kwa hiyo hawezi kukupunja wala hawezi kushtuka. Lakini ukimuuliza anachukua kwa bei gani, umeshamwambia unauza. Na ukimwambia unauza kitu ambacho soko zima linajua umekirundika, umeshamwambia unaogopa. Ni kosa ambalo nje ya soko hilo lisingekuwa kosa. Ungelifanya kwa muuza mkaa, angekupimia tu.

Breki alikuwa ameomba pande mbili maisha yake yote ya kazi. Mkewe aliwahi kumsikia akiziomba usingizini. Akampigia dalali mmoja waliyemwita Redio, kwa ajili ya sauti yake nene yenye asali.

"Breki wangu!" ikasema ile sauti. "Umepotea. Nikupe nini leo?"

"Saruji," alisema Breki. Alimwona mkurugenzi akipita nyuma ya kioo, na moyo ukaruka. "Saruji, unachukua kwa bei gani?"

Aliyasikia maneno yake yakitoka, na hakuweza kuyarudisha.

Upande wa pili pakawa kimya. Nyuma ya kile kimya simu za watu wengine zilikuwa zikilia.

"Yaani," akasema Breki, "nipe pande mbili."

"Nimekusikia," alisema Redio. Asali ilikuwa imetoka kwenye sauti. "Unazo nyingi?"

"Hapana, naulizia tu."

"Sawa. Nitakupigia, mheshimiwa."

Hajawahi kumwita mheshimiwa. Breki akaweka simu chini na kwenda chooni. Akanawa uso, akanawa tena. Alijitukana kwa majina yote aliyoyajua. Alijiambia huenda Redio hakugundua, huenda ana mambo yake, huenda amesahau. Alikaa humo mpaka mtu akabisha hodi mlangoni.

Aliporudi, simu yake ilikuwa inalia. Hakuwa Redio, alikuwa dalali mwingine ambaye hawakuwa wamezungumza tangu mwaka uliopita. "Nasikia unauza saruji. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi na mimi ninazo kidogo. Utazichukua?"

Kabla hajajibu, ya pili ikaita. Huyu naye alikuwa nazo kidogo. Wa tatu hakuwa na kidogo, alikuwa nazo tele, na alitaka kuzungumza kama ndugu. Ikawa wazi. Kwa miezi yote ile kila mtu alikuwa amekalia karatasi zake kimya, hamuulizi jirani bei, kwa hofu kwamba jirani atamjibu. Ilibaki mtu mmoja wa kuuliza. Na akauliza vibaya, kwa sauti ya mtu anayezama.

Mchana Redio akapiga. Akataja bei. Breki akamwomba aitaje tena. Ilikuwa chini ya nusu ya ile ya Mjomba.

"Na hiyo ni kwa chache," alisema Redio. "Nyingi usiniletee, hata za bure. Pole, kaka."

Akampigia dalali mwingine ili ahakikishe. Bei ya huyu ilikuwa chini zaidi. Kwa kanuni za mfuko, bei mbili za madalali wawili zilitosha kuitwa bei. Ilimbidi ampelekee Profesa, Profesa amlishe Mjomba, na hesabu za siku zingefungwa jioni zikiwa na bei hiyo. Fungu la kila muuguzi lingepungua saa hiyo hiyo.

Jioni. Lakini sasa ilikuwa mchana.

Breki alikaa na hilo wazo likamtambaa mwilini. Mpaka hesabu zifungwe, mfuko mzima ulikuwa bado unahesabiwa kwa bei ya zamani. Muuguzi wa kustaafu mwezi ule ambaye angeleta fomu yake kaunta mchana huo angeandikiwa fungu lake lote, kamili, kwa bei ambayo haipo tena duniani. Pengo angewaachia wenzake. Na fomu moja ilikuwa imeshajazwa, imeshatiwa sahihi, imo kwenye mkoba, katika hospitali iliyo nyuma ya mtaa wa pili.

Alitoka nje kwenye ngazi za dharura, mahali ambapo wavutaji sigara hujificha. Hapakuwa na mtu. Kijasho kilikuwa kimemlowesha mgongo mpaka shati likamganda. Akabonyeza jina la mkewe.

"Baba Pacha?" Nyuma yake gurudumu la toroli lilikuwa linalia, na mtu alikuwa akiita sista, sista. "Kuna nini? Watoto?"

"Hapana. Watoto wazima. Nilitaka kukuuliza. Ile fomu iko wapi?"

"Iko kwenye mkoba, si ulinishuhudia nikiiweka? Kwa nini?"

Ilibaki sentensi moja, fupi kabisa. Ilete sasa hivi. Alikuwa nayo mdomoni. Aliuona mlango ule wa chini unaofunguka uwani, na akamwona mkewe kwenye kona ya ngazi, mkono ukutani, akitafuta pumzi. Halafu akaisikia sauti ya muuguzi mwingine karibu na simu, anacheka, anasema, "Msalimie shemeji, mwambie atuletee soda." Breki aliogopa kuisema ile sentensi. Aliogopa kutoisema vilevile.

"Basi nilitaka tu kukwambia usiipoteze," alisema.

"Nikipoteze kiinua mgongo changu? Umekunywa nini wewe?" Akacheka. "Ninaitwa. Tutaonana jioni."

Simu ikakatika. Breki aliteremka ngazi mbili, akapanda tena, akaingia ndani na kumpa Profesa zile bei mbili kabla miguu yake haijapata muda wa kumshauri vingine.

Profesa alizisoma. Akaziingiza. Mjomba akafikiri kidogo, kisha kijani chote cha saruji kikageuka chekundu. Kimbia, akaandika Mjomba. Uza zote leo.

"Auziwe nani?" alisema Profesa. Alianza kucheka, kicheko chembamba kisicho na furaha, akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Ndipo Breki alipojua kwamba na yeye anaogopa, tena sana. "Miezi yote ananiambia ninunue, kwa kuwa hakuna anayeuza. Leo ananiambia niuze, na hakuna anayenunua. Breki, mimi ndiye niliyemfundisha hivi."

"Usingeweza kujua."

"Ningeweza kuuliza. Wewe uliuliza." Akamtazama. "Lakini nikwambie ukweli. Usingepiga ile simu, bei ingekuwa ileile."

"Ingekuwa ya uongo."

"Ndiyo. Ila ingekuwa ileile, na labda kiwanda kingelipa deni lake, na tusingejua kamwe."

Mkurugenzi alikuja, akasoma ule wekundu, akauliza ni nani aliyetumwa kuuliza bei. Breki akasema hakutumwa na mtu. Hakuna aliyelia kwiiii. Mkataba mpya wa saruji ulifutwa, jambo ambalo liliuokoa mfuko na balaa kubwa zaidi, lakini siku ile hakuna aliyekumbuka kushukuru. Hesabu zikafungwa jioni, na fungu la kila muuguzi likapungua karibu theluthi.

Hakutaka mkewe aisikie habari hiyo kwa mtu mwingine. Akaenda hospitali kwa miguu, akasimama kwenye geti la nyuma wanakotokea wafanyakazi. Zamu ilikuwa inabadilishwa. Wauguzi walitoka wawili wawili, viatu vya kazi vimo kwenye mifuko ya plastiki, wamechoka na wana kelele.

"Shemeji!" alisema mmoja. "Umekuja kutupokea sote? Soda ziko wapi?"

Breki alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Hawa ndio wenye ile akiba iliyopungua, na yeye alijua wamepoteza nini, wao hawajui. Alihisi kwamba yeyote kati yao akimwangalia vizuri ataliona usoni.

Mama Pacha akatoka wa mwisho, taratibu, mkono mmoja kiunoni. Alipomwona mumewe akasimama. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Sogea huku."

Akamweleza pale kando ya ukuta, kwa maneno machache, kwa kuwa mengi yasingetoka. Saruji. Bei. Fungu limepungua.

"Limepungua kiasi gani?"

"Karibu theluthi."

"Nyumba je?"

"Haitafika."

Mama Pacha akauweka mkoba wake chini, kwenye vumbi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akautazama.

"Lini?"

"Leo. Jioni hii."

"Uliponipigia simu, ulikuwa unajua?"

Uongo ulikuwa karibu, tena ungemfaa. "Nilikuwa najua."

"Na ningeileta ile fomu saa ile, ningelipwa yote?"

"Yote."

"Nani angefidia?"

Breki akawaonyesha kwa kidevu wale waliokuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, wakigombea nafasi kwenye benchi la kibanda cha simu na kuchekana. Mama Pacha akawatazama kwa muda mrefu.

"Usidhani mimi ni malaika," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Ungeniambia, ningekuja. Ningekuja mbio na hizi kandambili, na mgongo huu huu. Nisingewaza mtu."

"Najua."

"Sasa mbona hukusema? Uliogopa nini, kufungwa?"

"Niliogopa utakuja," alisema Breki.

Mama Pacha aliinama kuuchukua mkoba, akashika ukuta katikati ya njia, akangoja maumivu yapite, kisha akaunyanyua. Breki alinyoosha mkono ampokee. Hakumpa.

"Nisubiri hapa," alisema. "Ratiba ya mwezi ujao bado haijabandikwa. Nikamwambie msimamizi aniandike zamu."

Akageuka akarudi ndani. Breki akabaki getini, wauguzi wakimpita mmoja mmoja na kumtakia usiku mwema, naye akawaitikia wote.